Kabla ya kutoa penseli, piga hodi

Haipiti wiki bila msanii kijana kuniandikia akiuliza nilipataje ile nafasi ya kukaa Kaledonia Mpya miezi mitatu, visiwani kusini-magharibi mwa Pasifiki, nikichora na kuchapa. Niliomba, nikakubaliwa, basi. Ningependa mniulize yaliyofuata, maana hapo ndipo nilipokosea karibu kila kitu.

Nianze na viza, niimalize haraka. Visiwa vile viko chini ya Ufaransa tangu 1853, nami nikadhani viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ingenifikisha. Haifikishi. Viza lazima iandikwe kwamba inakuruhusu kuingia Kaledonia Mpya. Halafu tiketi yako huenda ikapita Australia, na huko sisi wa pasipoti ya Tanzania tunadaiwa viza hata kama tunabadili ndege tu. Jipe miezi minne. Mimi nilijipa wiki sita, na pesa niliyoiweka kwa ajili ya karatasi na wino ikaishia kubadilisha tarehe ya safari.

Usibebe mbao. Vibao vyangu vya mninga, vya kuchongea chapa, nilinyang'anywa njiani kwa sababu viwili vilibaki na ganda la mti. Kule wanaogopa wadudu wa mimea kuliko wezi.

Posho nayo uliza mapema: inaingia lini, na inahusu chakula au vifaa tu? Yangu ilifika wiki ya sita. Nouméa, mji mkuu wa kule, ni mji wa bei kali, vitu vingi vinatoka nje kwa meli, na faranga yao huenda kama 119 kwa yuro moja, kwa hiyo unalipa maelfu kwa kikapu kisichojaa. Niliishi kwa mkate na dagaa wa kopo mpaka jirani mmoja alipoanza kuniletea viazi vikuu.

Sasa jambo lenyewe.

Kijiji cha Wakanaki, ambao ndio wenyeji wa visiwa, huitwa tribu, na hauingii tribu kama unavyoingia sokoni. Unafanya kwanza kile wanachokiita la coutume. Unashika kitambaa, wao husema manou, juu yake unaweka noti na pengine pakiti ya tumbaku, unamkabidhi mwenyeji na kusema maneno machache: wewe nani, umetoka wapi, umekuja kufanya nini, unaomba kupita na kulala. Hakuna anayekukagua noti ni ya shilingi ngapi. Wanasikiliza maneno. Mwenyeji akijibu, wote huinamisha macho, na jibu linaweza kuwa refu kuliko hotuba ya harusi. Mtu wa pwani atalielewa bila mkalimani: ni hodi, na usipoitikiwa karibu, unabaki nje.

Mimi nilijiona mjanja. Nilikuwa nimenunua kanga dazeni moja Kariakoo, kwa haraka, bila kusoma majina yake. Tulipofika pwani ya mashariki, kupita Hienghène, pale mto Ouaième unapovukwa kwa pantoni kwa kuwa hakuna daraja (nikaikumbuka Pangani hadi koo likabana), nikamkabidhi mzee wa tribu doti yangu nzuri yenye korosho nyekundu. Mzee akaifunua, akaona maandishi, akaniomba nimsomee mbele ya watu. Iliandikwa: Mtasema mchana usiku mtalala.

Nilitafsiri hivyohivyo, sikupata uongo wa haraka. Kimya. Kisha bibi mmoja akaangua kicheko, akasema alikuwa anamjua mtu anayestahili kitambaa hicho. Kwa hiyo bebeni kanga, ndiyo, ni zawadi inayoeleweka kule kwa sababu kitambaa chao kina kazi ileile. Lakini someni. Mgeni njoo mwenyeji apone ingenitosha kabisa.

Kosa la pili halikuchekesha. Juu ya paa la nyumba kubwa ya Kikanaki husimama mchongo mrefu kama mkuki, na hata kwenye bendera yao umo. Ni wa mababu. Siku ya tatu nikakaa chini ya mti nikauchora, kurasa nne, nikaziacha mezani. Hakuna aliyenigombeza. Ila viazi vikuu vilikoma kuja, na ilichukua wiki nzima mtu kuniambia kwamba mchongo ule una wenyewe, na wenyewe sikuwaomba. Nilirudi na kitambaa na noti, nikasema maneno, nikawaachia zile kurasa. Sikudaiwa, niliona tu haya kubaki nazo.

Ukipitia Nouméa nenda Kituo cha Utamaduni cha Tjibaou, kilichofunguliwa 1998 na kupewa jina la Jean-Marie Tjibaou, kiongozi wa Wakanaki aliyeuawa 1989. Mbunifu ni Renzo Piano. Majengo kumi yamesimama kwa safu kama matenga yaliyosukwa nusu, refu kuliko yote lina mita 28, na mbavu zake ni za mbao. Nikauliza mbao gani. Wakanijibu iroko. Yaani mvule! Babu yangu alikuwa seremala Muheza na kitanda nilichozaliwa kilikuwa cha mvule. Nilishika ule ubavu muda mrefu kiasi kwamba mlinzi akasogea.

Mradi nilioandika kwenye maombi sikuufanya. Baada ya ile kanga watu walitaka kujua kwa nini kwetu kitambaa husema, nami nikaanza kuchapa vitambaa vyenye maneno ya kwao, sentensi moja moja, niliyopewa na wazee waliokaa kunisahihisha matamshi. Visiwani kuna lugha 28 za Kikanaki, na sentensi nzuri kule ina ukoo kama ule mchongo. Nilivyochapa sita, vitano niliruhusiwa kuondoka navyo. Cha sita, kizuri kuliko vyote, kilibaki siku ya kuaga, maana na kuaga pia kuna la coutume yake, na niliombwa nisikipige picha.

Kwenye ripoti nilikieleza kwa maneno. Waliotoa fedha waliandika mara mbili kuuliza picha iko wapi, na malipo ya mwisho yakachelewa. Kabla hujasaini mkataba wako, hakikisha kuna mstari unaokuruhusu kuacha kazi kwa wenyewe, bila picha.