Laptopu haiingii Windows: okoa mafaili kwanza

Laptopu yangu inaonyesha nembo, halafu inaandika "No bootable device". Fundi anataka kupiga Windows upya. Nimruhusu? (Mwanafunzi, Morogoro)

Bado. Maandishi hayo yana maana kwamba mashine imetafuta diski yenye mfumo wa kuanzia ikaikosa. Huenda Windows yako ni nzima kabisa. Chomoa flashi na memori kadi zote, maana baadhi ya mashine hung'ang'ania kuanza na flashi isiyo na kitu. Kisha zima, washa tena huku ukigongagonga F2 (Dell, Acer, Asus) au F10 (HP) mpaka uingie BIOS (kurasa za mipangilio ya mashine, kabla Windows haijaanza), utafute jina la diski.

Likiwepo, mara nyingi kasoro iko kwenye mpangilio au kwenye mafaili madogo ya kuanzishia Windows, na hayo hurekebishika bila kufuta kitu. Lisipokuwepo, zima, fungua kava la chini, chomoa plagi ya betri, kisha itoe diski na kuirudisha vizuri. Mashine inayopanda bodaboda kila siku diski yake huweza kulegea, au waya wake.

Ikibidi kupiga Windows, fundi anakili mafaili yako kwanza, nawe uyafungue uyaone. Nimeshuhudia tasnifu ya mwaka mzima ikifutwa kwa haraka ya namna hiyo, na mpaka leo inaniuma.

Diski inaonekana BIOS, ila haianzi. Pia tarehe inarudi nyuma miaka kila nikichomoa chaja.

Tarehe ndiyo imekupa jibu. Betri ndogo ya BIOS imekufa; nyingi ni CR2032 ya volti 3. Ikiisha, BIOS husahau mlichoipangia na kurudi kwenye mpangilio wa kiwandani. Mashine ina njia mbili za kuanza, Legacy ya zamani na UEFI ya kisasa. Kama Windows yako ilipigwa kwa Legacy, na BIOS sasa imerudi UEFI, diski itaonekana bila kuanza. Diski nayo hugawanywa kwa mitindo miwili: iliyogawanywa kwa MBR inataka Legacy. Ya GPT inataka UEFI. Angalia pia AHCI na RAID, yaani namna mashine inavyozungumza na diski, kwani ukikosea hapo Windows huanza ikaanguka na skrini ya buluu. Piga picha kila ukurasa kabla ya kubadili chochote. Betri mpya iwe na waya na plagi kama ya zamani. Usigandishe ya saa kwa selotepu.

Diski inagonga ka, ka, ka. Nijaribu kuwasha mara ngapi?

Hata mara moja usijaribu. Hiyo ni diski ya sahani zinazozunguka, na kichwa chake cha kusomea kimeshindwa kukaa mahali pake. Kila ukiwasha kinaweza kuikwaruza sahani, na kilichokwaruzwa hakirudi. Habari za kuiweka kwenye friji ziache. Usiruhusu pia chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, kwa sababu inaandika juu ya diski inayokufa. Kama ndani mna picha za marehemu au hesabu za biashara, mtafute mtu ambaye kazi yake ni kuokoa data.

Ingekuwa nzito tu, haigongi, ningeshauri Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) ya kwenye flashi na programu ya ddrescue, inayonakili sehemu zisizo na kasoro kwanza kisha kurudia zile mbovu. Nakala iende kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha.

Nilihamishia SSD (diski isiyo na sahani) kwenye mashine ya mwenzangu, inadai ufunguo wa tarakimu 48.

Ni BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski. Laptopu nyingi za Windows 11 huifunga diski zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, hata kama hukuambiwa waziwazi. Tumia simu, ingia akaunti hiyohiyo kupitia aka.ms/myrecoverykey, utafute ufunguo. Laptopu ya ofisini, waulize watu wa kompyuta wa ofisi. Bila ufunguo hakuna fundi atakayeifungua, na anayekuahidi kinyume atakula pesa yako.

Ninunue diski gani mpya?

Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Za inchi 2.5 hazina shida, ni SATA (aina ya muunganisho wa diski). Za M.2, zile nyembamba kama kijikadi, ndizo zinazochanganya: zinafanana kwa umbo, lakini nyingine ni SATA na nyingine NVMe, muunganisho wa kasi zaidi, na si kila nafasi inapokea zote mbili. Soma mwongozo wa modeli yako kabla ya kulipa.