Modeli inasema kisima ni safi, maabara inakuta E. coli

Ndugu, umeuliza kwa nini modeli ya kompyuta inayokadiria bakteria wanaofika kwenye kisima cha mchangani karibu na ufuo wa Entebbe, Uganda, inatoa sifuri, ilhali choo cha shimo kiko mita 30 na maabara imekuta E. coli, bakteria wa kinyesi. Kabla ya kulaumu programu, shika kalamu na kikokotoo.

Anza na kasi ya maji ardhini: v = K × i ÷ n. K ni upenyezaji wa mchanga, i ni mteremko wa uso wa maji ya ardhini, n ni sehemu ya ujazo iliyo wazi kati ya chembe. Mchanga wa chembe kubwa wenye K ya mita 50 kwa siku, i ya 0.02 na n ya 0.35 unapitisha maji karibu mita 2.9 kwa siku. Mita 30 zinakwisha kwa siku 10 na nusu. Bakteria wakifa kwa kiwango cha 0.1 kwa siku, asilimia 35 bado wanafika hai. Kifo hakikuokoi. Tegemeo lako ni wao kunata kwenye chembe.

Kunata kwa kila mita ni λ = 3(1 − n) × α × η ÷ 2d. Kipenyo cha chembe, d, kiandike kwa mita. Ukiacha milimita jibu linaharibika mara elfu. η ni sehemu ya bakteria wanaoigonga chembe, α ni sehemu ya waliogonga wakanata. Kwa d ya 0.0005, η ya 0.005 na α ya 0.01, λ ni karibu 0.098. Pamoja na vifo, bakteria milioni 1 katika mililita 100 wanabaki kama 19,000. Sasa weka α ya 0.1, usiguse kingine: kisima kinatakata! Nadhani kosa lako liko hapo. Watu hubishana wiki nzima juu ya mtawanyiko, yaani bakteria kusambaa njiani, kumbe mwamuzi ni α.

Basi ipime. Bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa 50 linatosha. Mchanga utoke eneo lenyewe, tena usiuoshe kwa asidi, maana utaondoa kutu ya chuma inayovuta bakteria. Ujaze ndani ya maji, sentimita 2 hadi 3 kwa mara, ukigonga bomba ili hewa itoke. Hewa iliyonaswa hukamata bakteria nayo ikakudanganya. Nafasi zilizo wazi hubeba kama lita 1.4. Pitisha maji safi mara kumi ya hapo, kisha chumvi ya kuonyesha mwendo wa maji, kisha bakteria. Weka chupa ya bakteria pembeni bila mchanga, ujue wangapi wamekufa wenyewe; waliopotea zaidi ya hao ndio walionata, nao wanakupa α.

Hata hivyo α ya bomba fupi huwa kubwa mno. Bakteria wanaonata haraka hukamatwa mwanzoni. Wagumu kunata ndio wanaosafiri. Kata mchanga vipande, hesabu walionaswa katika kila kipande, utumie mwelekeo wa vipande vya mwisho. Aidha mchanga ulio chini ya choo umepakwa uchafu unaofunika ile kutu, kwa hiyo pima pia kwa maji yaliyochanganyika na uchafu huo.

Usishangae bakteria wakitangulia chumvi: hawaingii vijitundu vidogo, hupita njia pana.

Endesha modeli kwa kiwango cha maji cha Machi hadi Mei, si cha kiangazi. Maji yakipanda hadi kwenye sakafu ya shimo, ule mchanga mkavu uliokuwa ukichuja haupo tena. Mvua nayo hupunguza chumvi majini, na walionata huachia. Kisha washa pampu ndani ya modeli, kwa sababu i ya 0.02 iliyopimwa kwa visima vitatu visivyochotwa si ile inayovuta maji jioni watu wakichota.

Kama kisima kiko kwenye murram (udongo mwekundu wenye changarawe) au mwamba uliooza, kama sehemu kubwa ya Uganda, acha hesabu hii. Huko maji yanaweza kupita haraka kwenye nyufa.