Neurolojia ya watu wazima: MMed kwanza, au niondoke sasa?

Swali: Habari daktari. Mimi ni MO (daktari wa kawaida, bado si bingwa) mwaka wa pili, niko hapa Kisumu, na nimeamua nitakuwa bingwa wa neurolojia (magonjwa ya ubongo, uti wa mgongo na neva) ya watu wazima. Wenzangu wananishauri nifanye kwanza MMed (shahada ya ubingwa) ya tiba ya ndani ndipo niende Marekani, eti miaka itapungua huko. Ni kweli? Tena hapa nilipo hakuna EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) wala MRI (mashine ya picha za ubongo na mgongo). Nitajiandaa na nini?

Jibu: Dada daktari, kuhusu miaka wamekupotosha, ingawa nia yao ni njema.

Marekani mafunzo hayo ni miaka 4: wa kwanza tiba ya ndani, mitatu iliyobaki neurolojia yenyewe. Huo wa kwanza sharti ufanywe katika programu yenye idhini ya ACGME (chombo kinachoidhinisha mafunzo ya mabingwa huko) au chache wanazozitambua, kama za Kanada. MMed ya Nairobi au Eldoret, hata kama uliongoza darasa zima, kwa kawaida haikupunguzii hata mwezi. Utajikuta bingwa kamili unaamshwa saa tisa usiku kuandika dawa ya kikohozi, kama interni. Kwa hiyo kama moyo uko Marekani, nenda ungali na nguvu za kukesha. Katika mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, Step 1 tangu Januari 2022 haitoi alama, ni kupita au kuanguka tu, basi jasho lako liweke kwenye Step 2 CK, ule wa maarifa ya kitabibu.

MMed ifanye kama unataka kubaki, maana Kenya neurolojia hujengwa juu ya tiba ya ndani. Njia ya tatu ni Afrika Kusini, na kusema kweli ndiyo ningemshauri mdogo wangu. Ni miaka 4, huhitaji kuwa bingwa wa tiba ya ndani kwanza, mtihani wake wa ubingwa ni FC Neurol, na wagonjwa wao wanafanana na wetu: TB ya uti wa mgongo, meninjitisi ya kriptokoka, kiharusi cha kijana mwenye HIV. Ubaya wake ni mfuko. Mgeni mara nyingi huingia kama rejista (daktari anayesomea ubingwa) wa ziada, mshahara wake utoke nchini kwake. Zungumza na kaunti yako mapema, na wakikubali, wakubali kwa maandishi.

Kuna jambo la viza ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Ukiingia Marekani kwa J-1, viza ya mafunzo, Wizara ya Afya yetu lazima ikuandikie barua kwamba nchi inahitaji mabingwa wa taaluma hiyo, na ukimaliza unadaiwa miaka 2 nyumbani, isipokuwa upate msamaha.

Usishtuke pia ukiona ratiba ya Marekani ya "watu wazima" ina miezi 3 ya neurolojia ya watoto na mwezi 1 wa magonjwa ya akili. Utakapokuwa bingwa wa pekee mji mzima, mama aliyembeba mtoto wa kifafa kutoka Ugenya hatakuuliza cheti chako kimeandikwaje. Sehemu kubwa, miezi 18, ni watu wazima, na angalau 6 kati yake ni kliniki za nje. Hapo ndipo utajifunza maumivu ya kichwa na kifafa. Wodi itakuonyesha zaidi kiharusi.

Sasa hilo la mashine. Niliwahi kuitwa kumwona mzee mvuvi aliyeletwa kwa "kiharusi". Familia ilikuwa imeuza ng'ombe kulipia CT (picha ya eksirei ya kompyuta) ya kichwa, picha ikatoka safi, na karatasi za kumruhusu aende nyumbani zilikuwa tayari mezani. Nikavunja kijiti cha meno nikaanza kumchoma taratibu kutoka paja kwenda juu. Hasikii, hasikii, hasikii, mpaka kitovuni: "Hapo daktari, hapo sasa unanichoma!" Miguu yote miwili imelegea, mikono mizima, uso haujapinda, mkojo umekwama tangu juzi. Nikikwaruza wayo, kidole gumba kinapanda juu, dalili kwamba kosa liko kwenye ubongo au uti wa mgongo, si kwenye neva za miguu. Ubongo haukuwa na kosa lolote. Kitovu ni T10, yaani eneo la neva ya kumi ya kifua, kwa hiyo tulipaswa kuupiga picha mgongo, na ndimo TB ilimokuwa imekaa.

Hiyo ndiyo neurolojia: kwanza ni wapi, kisha ni nini. Programu yoyote utakayoichagua, waulize mabingwa wao huwa kando ya kitanda siku ngapi kwa wiki. Idadi ya MRI ije baadaye.

Kwa hiyo mazoezi yako yaanze kesho. Kila mgonjwa wa kupooza, kabla ya kujaza fomu ya CT, andika kwenye faili mahali unapodhani pana kidonda: gamba la ubongo, shina la ubongo, uti, neva au msuli. Picha ikirudi, jisahihishe kwa kalamu nyekundu. Tafuta uma wa sauti wa hezi 128. Na nyundo ununue ya kichwa kizito na mpini mrefu. Zile ndogo za pembetatu goti la mvuvi halizijui.