Re: Programu za maigizo hazina mwaka, nazipangaje?

Habari dada, nimekupata: kwenye boksi la vitabu vya mtumba ulilobeba pale sokoni Memorial umekuta vijitabu vya programu vya Siren, kile kikundi cha maigizo cha Uingereza cha wanawake wasagaji na wafeministi, tarehe ipo ila mwaka hakuna. Anza na siku ya wiki. Siren walianza 1979, sasa hiyo yako ya Ijumaa 14 Machi ni 1980 au 1986, katikati hapo tarehe hiyo haiangukii Ijumaa hata ukilazimisha. Halafu geuza nyuma utafute nembo ya GLC, ile halmashauri kuu ya London, kamati yake ya wanawake iliundwa 1982 na halmashauri yenyewe ikavunjwa 31 Machi 1986, kwa hiyo ukikuta wameshukuru hiyo kamati umemaliza, ni 1986. Zile zingine angalia namba za simu, London walikuwa na namba ya mwanzo ya eneo 01 mpaka Mei 1990 ndo zikaja 071 na 081.

Na tafadhali usipeleke stationery kulamineti, hata wakubembeleze vipi! Pini zenye kutu zitoe taratibu, mwaka uandike kwa penseli tu kwenye kona ya nyuma.