Fomu inasema mama ana sonona, mi naona ni sukari tu

SWALI: Shikamoo dokta. Mama angu ana miaka 63, sukari anayo mwaka wa tisa sasa. Juzi kliniki tukapewa fomu ya maswali 9, ile PHQ-9, nikamsomea palepale kwenye benchi mke wangu akiwepo, akapata 13, nesi akasema ni sonona. Sasa dokta mama halali kwa sababu anaamka kukojoa hata mara nne, kuchoka anachoka, kula hataki, si sukari hiyo? Alafu dada angu kajifungua mwezi uliopita kapewa fomu nyingine kabisa, maswali 10, kapata 11. Ina maana mama ndo mbaya zaidi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Umefanya la maana kutuma na picha ya fomu. Usingizi 3, uchovu 3, kula 3, hizo ni 9 kati ya 13 na hapo una hoja kabisa, sukari ikipanda mtu anakesha chooni, na fomu haijui kaamka kwa mawazo au kwa mkojo, yenyewe inahesabu siku tu ndani ya wiki mbili.

Ila rudi juu pale, swali la kwanza na la pili, kukosa raha ya mambo na kujisikia mnyonge, kote kaweka 2. Hayo mawili tu yakifika 3 huwa tunamkalisha mtu tuongee naye, mama kafika 4, na hapo mkojo haujaingia. Wenye kisukari sonona inawapata zaidi kuliko wengine, na ikishaingia hata dawa mtu anaanza kuziruka, sukari inapanda, anazidi kuchoka, kwa hiyo usimkatie pointi mwenyewe ukasema yuko poa. Nesi naye kawahi. 13 kwenye fomu inayoishia 27 ni dalili za kiwango cha kati, inasema huyu aangaliwe, sio kama kipimo cha malaria kwamba umekutwa nayo.

Kinachonisumbua mimi ni lile benchi. Swali la 9 linauliza kama umewaza bora ufe au ujidhuru. Mama mtu mzima, anasomewa na mwanae, mkwe kakaa pembeni, ulitegemea aseme nini? Hiyo 0 aliyoweka hapo mi siitegemei. Mrudishe, nesi amsomee faragha, wewe kapange foleni ya dawa huko. Akijibu chochote zaidi ya 0 aonane na dokta siku hiyohiyo, msisubiri tarehe ya kliniki.

Ya dada ni fomu ya Edinburgh, ilitoka Scotland mwaka 1987 kwa ajili ya wazazi kama yeye. Haiulizi uchovu wala hamu ya kula, maana mwenye kichanga gani hajachoka jamani? Hata usingizi inauliza kama huzuni ndo inakunyima, sio mtoto. Inaangalia siku 7 na inaishia 30, kwa hiyo 11 yake na 13 ya mama huwezi kuzipanga kama matokeo ya darasa. Sehemu nyingi tunaanza kufuatilia kwenye 10, wengine 13, kwa hiyo naye asiachwe, arudie baada ya wiki mbili akimpeleka mtoto mizani. Na swali lake la 10 ni ndugu wa lile la 9 la mama, kwa hiyo usimsomee wewe.