Kachupa kwenye friji

SWALI: Muuguzi, salamu. Nauza omena hapa Kibuye, Kisumu. Mdogo wangu alipimwa uboho akapatikana na saratani ya damu, ile kali ya mayeloidi. Amemaliza kemo Eldoret na daktari anasema kwa sasa damu imesafika. Juzi mtu fulani alituambia kuna chanjo ya seli za kinga, kachupa kako tayari kwenye friji, tulipe sh 80,000. Kwani mtu huchanjwa akiwa ameshaugua? – Mama Achieng

JIBU: Mama Achieng, pole kwa safari za Eldoret. Hizo pesa usitoe.

Chanjo yenyewe si uongo. Ya surua humwonyesha mwili adui ambaye hajafika. Hii humwonyesha aliyejificha ndani. Seli ya saratani ni ya mwili uleule, kwa hivyo kinga huipita kama askari wa kaunti anavyompita mchuuzi mwenye risiti, kumbe risiti ni ya kughushi. Wa kuigundua ni seli ziitwazo dendritiki: huokota kipande cha adui, huenda nacho kwenye matezi, huwaonyesha seli T, askari wa kinga wanaoshambulia. Wanasayansi Ralph Steinman na Zanvil Cohn walizieleza mwaka 1973 huko New York. Steinman alipougua saratani ya kongosho alijaribu chanjo za seli zake mwenyewe. Alifariki siku 3 kabla ya kutangazwa mshindi wa tuzo ya Nobel, 2011.

Watafiti wa Boston waliunganisha seli za dendritiki za mgonjwa na seli za saratani yake mwenyewe, zilizohifadhiwa kabla ya kemo, kisha wakamdunga damu ikiwa imesafika, kama ya mdogo wako. Taarifa yao ya 2016 ilisema kati ya wagonjwa 17, 12 hawakurudiwa na ugonjwa kwa karibu miaka 5. Inatia moyo, lakini 17 ni abiria wa matatu moja na ushei, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Bado ni majaribio.

Sasa rudi kwa kachupa. Chanjo ya namna hiyo hutengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Ya mdogo wako ilitolewa lini, na nani? Muulize huyo mtu pia barua ya kamati ya maadili ya utafiti, na kwa nini mgonjwa alipie kujaribiwa.

Tarehe za kliniki zisipite. Akipata homa au fizi zikivuja damu, mpeleke hospitalini siku hiyohiyo, hata kama ni siku ya soko.