Kidonge cha utamu kwenye chai hakifuti chapati

Tangu watu wajue nina kisukari, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Nikitia kidonge cha utamu kwenye chai badala ya sukari, naruhusiwa chapati ngapi?" Huwa nalijibu kwa kirefu, maana ndani yake imo imani inayowaumiza wengi, kwamba sukari mbadala ni namna ya dawa, na ukishaitumia umeshalipia kila kilichoko sahanini.

Si dawa. Haishushi sukari ya damu. Inachofanya ni kutoiongeza, basi.

Na kwa sisi watu wa chai hiyo si kazi ndogo. Tupige hesabu. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi, sawa na kalori 16. Anayetia vijiko 3 kila kikombe, na kuanzia alfajiri hadi baada ya isha akanywa vikombe 4, ameshakunywa gramu 48. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe kama gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana aishie 25, na humo zimehesabiwa soda, juisi, asali na biskuti. Chai peke yake imekula fungu lote. Mnywaji wa namna hiyo akihamia kwenye vidonge amejitua mzigo wa kweli. Mimi nilianzia hapo.

Kilichonifumbua macho ni mashine ya kupima sukari. Nilipima kabla ya kunywa chai ya rangi yenye kidonge, bila kitafunwa, nikapima tena baada ya saa mbili: haikubadilika kwa kiasi cha kunitisha. Siku nyingine chai ileile, kidonge kilekile, ila pembeni pana chapati mbili na mbaazi za nazi. Ikapanda vibaya. Unga wa ngano ni wanga, na wanga ukifika tumboni huvunjwa kuwa glukosi, ndiyo sukari ya damu. Mahamri, vitumbua, ugali, wali na muhogo vyote hupita njia hiyo. Hata maziwa yana sukari yake ya asili, kama gramu 12 kwenye kikombe cha mililita 250, kwa hiyo chai ya maziwa matupu usiihesabu kuwa maji. Kama unayo mashine, pima kabla ya kula na saa mbili baadaye, uandike na ulichokula. Daftari hilo ukilipeleka kliniki, daktari au muuguzi atakuwa na la kukushauri.

Ukienda dukani, geuza pakiti usome nyuma, utakuta namba za E zinazotambulisha kilichotiwa utamu humo. E954 ni sakarini, kongwe kuliko zote, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1879. Ndiyo inayoacha uchungu mwishoni mwa ulimi. E951 ni aspatemu, tamu mara 200 hivi kuliko sukari. Ikichemshwa kwa muda mrefu huvunjika na utamu ukapotea, kwa hiyo itie kikombeni, usiitie kwenye sufuria. Anayezaliwa na fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunja kijenzi kimoja kilichomo ndani yake, haimfai kabisa. E955 ni sukralosi, tamu mara 600, na motoni inavumilia zaidi. E960 ni stevia, itokanayo na majani ambayo Waguarani wa Paraguay waliyajua zamani; mmea wenyewe umelimwa hata Kenya, upande wa Kericho. Vile vipakiti vya unga huongezwa glukosi au maltodekstrini (unga utokanao na wanga) ili vijae. Kimoja si neno, lakini ukivimimina kumi kwa siku, vihesabu.

Asali haimo katika orodha hii. Sukari guru haimo, tende hazimo. Ni vyakula vizuri, lakini mwilini ni sukari. Na biskuti zilizoandikwa "bila sukari" bado ni unga wa ngano; nyingine hutiwa vitamu viitwavyo sorbitoli au maltitoli, ambavyo vikizidi huleta gesi na kuharisha.

Kuhusu saratani, naelewa kwa nini watu waliogopa. Julai 2023 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka aspatemu kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi mdogo. Wakati huohuo kamati ya wataalamu wa viongezeo vya vyakula ilibakiza kiwango kilekile cha siku: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 angelazimika kunywa makopo 9 hadi 14 ya soda ya aspatemu kwa siku moja ili akivuke. Vidonge viwili vitatu vya chai viko mbali sana na huko.

Linalonigusa zaidi ni mwongozo wa WHO wa Mei mwaka huohuo, unaoshauri watu wasitumie sukari mbadala kama njia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa faida ya muda mrefu haijaonekana. Wenye kisukari tayari hawakuhusishwa katika ushauri huo. Hata hivyo naona una hekima kwetu pia: ulimi unaolishwa utamu mkali kila siku hauachi kuudai. Ndiyo maana napunguza vidonge taratibu na kuongeza iliki, mdalasini na mchaichai. Chai ya mchaichai iliyokolea haihitaji mengi. Watoto wangu sikuwazoesha soda za sifuri, zile zisizo na sukari; wanywe maji.

Jambo la mwisho liwafikie hasa mnaoishi na mgonjwa anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi, dawa ya vidonge ya kushusha sukari. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka, na hapo kidonge cha utamu au soda ya sifuri havimsaidii hata chembe. Mpeni sukari yenyewe: vijiko vya chai 3 hadi 4 kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Mpime tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini mpeni tena. Kwa hiyo hata nyumba iliyohamia kwenye vidonge isikose kopo la sukari mahali panapojulikana na wote. Akiwa amepoteza fahamu, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.